Fundi Hajapima, Usilipe

Fundi akikuambia injini imekufa na bado hajashika kipimo hata kimoja, chukua funguo zako uende. Sijali amefanya hiyo kazi miaka thelathini. Sijali ni rafiki ya babako. Enda.

Najua hii itakasirisha watu, na wacha iwakasirishe. Nyumbani kwetu bado tunalipa mkopo wa chama kwa sababu ya injini ambayo haikuwa imekufa.

Gari lenyewe ni pikapu ya guka, Peugeot 504. Wale tumezaliwa juzi tunaijua kwa picha tu, lakini uliza wazazi wako. Ilitoka 1968, na ndiyo ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, halafu tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Sawa, ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6, haikuwa mashine ya kubeba kabichi. Ya guka ilibeba kabichi. Kabichi na viazi kutoka Kinangop, mwaka baada ya mwaka, na karo ya mathe ilitoka humo ndani. Guka alipofariki, mathe alisema hilo gari haliuzwi. Litafanya kazi.

Shida zilikuwa mbili. Asubuhi ukiwasha, moshi wa bluu unatoka puu, kisha unaisha. Ukiteremka kuelekea Naivasha bila kukanyaga mafuta, ukifika chini ukikanyaga, wingu lingine la bluu. Ya pili, injini ikishika moto na gari limesimama, taa ya oili inaanza kukonyeza.

Fundi alisikiza injini dakika mbili, akaangalia ekzosi, akatikisa kichwa kama daktari kwenye filamu. "Moshi na taa ya oili? Hiyo ni ringi na beringi. Injini kwisha." Elfu themanini na tano. Mathe akaenda chama.

Baada ya wiki tatu gari likarudi. Asubuhi ya kwanza nikawasha. Puu. Bluu ile ile. Tukaenda nalo sokoni na kurudi, taa ikakonyeza vile vile.

Na sasa nijisute mwenyewe kabla hamjanisuta. Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo miaka mitatu chuoni kabla karo inishinde. Nilikuwa nimepita mtihani wa thamodainamiki. Lakini nilisimama kwa hiyo gereji mikono mfukoni, kwa sababu sikuwa nimewahi kutoa plagi moja kwa injini ya kweli. Mathe aliniangalia mimi, msomi wake, na mimi nikaangalia fundi. Hiyo sura yake siwezi kusahau.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja ambaye gereji yake ni mti na kontena. Kitu cha kwanza alisema: "Kijana, moshi na presha ni kesi mbili. Nani alikuambia ni moja?"

Wasee, hapo ndipo uongo wote ulikuwa umejificha. Ringi za pistoni hazishiki presha ya oili. Kazi yake ni kuzuia mgandamizo usishuke chini na oili isipande juu. Presha ya oili inatokana na pampu inayosukuma oili ipite nafasi ndogo kwenye beringi. Kwa hivyo gari linaweza kutoa moshi kama jiko la kuni na presha yake iwe poa kabisa. Linaweza pia kukosa presha na lisitoe moshi hata kidogo. Mtu akichukua dalili moja kuthibitisha nyingine, amebahatisha mara mbili na atakulipisha mara mbili.

Tuanze na moshi, kwa sababu moshi huongea.

Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Angalia filta ya hewa, choki iliyokwama, kabureta. Hakuna haja ya kufungua injini kwa sababu ya moshi mweusi.

Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi, unaoisha baada ya dakika chache, ni mvuke tu. Wacha woga. Mweupe mzito usioisha, una harufu tamu na maji ya redieta yanapungua, hapo kuna kesi: gasketi ya hedi, au hedi yenyewe imepasuka.

Bluu ni oili inaungua. Lakini swali ni inaungua LINI. Ukiwasha asubuhi inatoka kisha inaisha, au inatoka ukikanyaga baada ya mteremko, shuku vavu: gaidi zimelika au sili zimechoka. Usiku oili huchuruzika kupitia hapo, na kwenye mteremko injini huivuta kwa nguvu. Ikitoka ukipanda mlima na mzigo, bila kukoma, sasa shuku ringi na silinda. Na kabla ya yote, angalia kama mtu alijaza oili kupita alama, au bomba la kupumulia la injini limeziba. Hayo mawili kuyaangalia ni bure.

Soma tena dalili za gari la guka hapo juu. Asubuhi. Mteremko. Gari lilikuwa linasema "vavu" kwa sauti, na fundi wa kwanza akasikia "ringi".

Mzee hakuamini hata moshi. Alipima. Alipasha injini moto, akatoa plagi zote nne, akafunga kipimo cha mgandamizo kwa silinda ya kwanza, nikakanyaga mafuta hadi chini huku nikizungusha stata. Akaandika namba kwa kadibodi. Silinda zote nne zilikaribiana, tena juu. Akanieleza kwamba kama moja ingekuwa chini, angeweka kijiko cha oili kwa tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda, ni ringi. Ikikataa kupanda, ni vavu au gasketi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja.

Presha nayo? Alitoa ile swichi ndogo inayowasha taa, akafunga geji ya kweli mahali pake. Injini ikiwa moto, imetulia: 18 psi. Kwa mizunguko 3,000 hivi: 45. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Tulikuwa salama kabisa. Swichi ndiyo ilikuwa imeoza. Mpya ilikuwa Sh 600.

Narudia. Mia sita.

Na hata kama geji ingesoma chini, bado si beringi moja kwa moja. Kiwango cha oili kiko sawa? Nusa kijiti cha oili: kikinuka petroli, pampu ya petroli ya injini hizi za zamani inaweza kuwa inavuja ndani na kufanya oili iwe maji. Chujio ndani ya sampu limeziba? Vavu ya kupunguza presha imekwama? Beringi zinakuja mwisho wa foleni. Lakini sikiza, taa ikiwaka na hujapima, zima injini. Usiendeshe ukijiambia "ni swichi tu" kwa sababu ulisoma kwangu. Sisi tulijua ni swichi BAADA ya geji.

Uchungu zaidi ni huu. Ili kubadilisha zile ringi, fundi wa kwanza alitoa silinda hedi. Gaidi zilizolika zilikuwa mikononi mwake. Akaiweka kando juu ya gunia, akaweka ringi mpya, akairudisha vile ilivyokuwa. Pesa ya mathe ilipita karibu kabisa na ugonjwa wenyewe.

Sasa msidhani nakuja kuchoma mafundi wa jua kali. Yule mzee ni jua kali, hana cheti, na ananishinda mimi na miaka yangu mitatu ya lekcha. Shida kubwa ni sisi wateja. Fundi akisema anataka elfu mbili ya kupima peke yake, tunamwita mwizi: "Kwani hujui kazi? Angalia tu!" Akisema elfu themanini ya kufungua, tunamwita mtaalamu na tunaenda kukopa. Tumewafundisha kwamba kujua hakulipi, kufungua ndiko kunalipa. Halafu tunashangaa kila injini "imekufa".

Kuna wale watasema vipimo ni ghali, fundi atatoa wapi. Geji mbili hazifikii hata nusu ya pesa tuliyopoteza kwa kazi moja mbaya. Kuna wale watasema nunua Vitz uache mambo ya makumbusho. Vitz pia ina ringi, vavu na swichi ya oili, na fundi wa kubahatisha atakubahatishia hiyo pia.

Na kuna binamu yangu, alisema tuweke oili nzito, moshi upungue siku mbili, tuuzie mtu. Hiyo ni kumpa mtu mwingine mkopo wa chama wa mathe. Nilikataa, na bado hatuongei vizuri.

Mzee alitengeneza hedi, akazibana silinda zisiinuke wakati hedi iko nje, kwa sababu injini hii silinda zake ni za kuchomeka na zikisogea sili za chini huvuja maji kwa oili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Gari linawaka asubuhi bila wingu. Mathe hulipa chama kila mwisho wa mwezi, na imebaki miezi saba.

Kwa hivyo ukienda gereji wiki hii, uliza maswali matatu tu: Umepima nini? Namba ni ngapi? Naweza kuziona? Akikujibu, mlipe hiyo elfu mbili na umwambie asante. Akikasirika, funguo ziko wapi?