Ponda raha majini, lakini kumbuka bahari si ya babako

Ikiwa umewahi kufika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale wengi wetu tunapopaita Pirates, Jumapili alasiri maji yakiwa yamejaa, basi picha hii unaijua. Watoto wako majini na tyubu za kukodi. Kina mama wamekaa mchangani na viazi karai. Ngalawa inapita taratibu na tanga lake. Mbogi iliyoshuka na SGR jana iko bize na selfie. Halafu ghafla unasikia mngurumo, na jeti-ski inapita mbio karibu na vichwa vya watu, anayeiendesha akiwa ametoa meno yote nje.

Miezi kadhaa iliyopita, kwenye ufuo mwingine wa Pwani, niliona boti ikimvuta kijana aliyesimama juu ya mbao za kuteleza majini. Alikuwa anajua, usidhani. Boti ilipokata kona karibu na waogeleaji, kamba ilipita juu ya kichwa cha msichana mmoja. Hakuumia. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya shoo. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu kando yangu hakupiga makofi. Alisema tu, "Leo Mungu yuko kazini."

Kauli hiyo imenikaa kichwani hadi leo. Maana yake ni kwamba hakuna binadamu aliyekuwa kazini.

Sijaja hapa kukuharibia wikendi. Mchezo wa kuteleza majini ni mtamu, na ni wa vijana tangu siku ya kwanza. Aliyeuanzisha, Ralph Samuelson, alikuwa na umri wa miaka 18 tu alipofaulu kusimama juu ya mbao akivutwa na boti katika ziwa Pepin, Minnesota, Marekani, mwaka wa 1922. Mwanzoni alianguka mara nyingi sana. Leo unaweza kuujaribu kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, ambapo maji hutulia, na kama mko wanne au watano mnaochanga, hata bei inapungua makali. Ukielewa kwamba siri ni kukunja magoti, kunyoosha mikono na kuiacha boti ikuinue yenyewe badala ya kushindana nayo, utasimama. Na ukisimama, buda, hutasahau.

Ninachosema ni hiki: maji ni barabara ya umma. Barabarani tumejifunza, kwa machungu, kwamba starehe ya mmoja isiwe kilio cha mwingine. Majini bado tunaishi kana kwamba hakuna sheria, na ajali ikitokea tunajificha nyuma ya methali, "ajali haina kinga." Samahani, lakini ajali nyingi za majini zina kinga. Kinga yenyewe ni rahisi, ila tu haina mvuto kwenye TikTok.

Tuanze na hesabu ndogo. Boti inayomvuta mtu kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ambayo ni kasi ya kawaida katika mchezo huu, husonga takriban mita 11 kila sekunde. Nahodha akigeuka nyuma kwa sekunde tatu tu kuangalia kama umeanguka, boti imeenda mita 33 bila mtu yeyote kuangalia mbele. Mita 33 ni nafasi tosha ya kumfikia mtoto mwenye tyubu au mvuvi aliyeinama juu ya wavu wake.

Ndiyo maana mchezo huu una kanuni ya watu watatu: mmoja anaendesha na kuangalia mbele, wa pili anakaa akiangalia nyuma muda wote, na wa tatu ni wewe uliye kwenye kamba. Huyo wa kuangalia nyuma si abiria wa kupiga video. Ndiye anayesoma ishara zako: dole gumba juu, ongeza kasi, dole gumba chini, punguza, kupigapiga kichwa kwa kiganja, nirudisheni, kupitisha mkono shingoni, zima injini. Ukianguka na uko salama, unainua mikono juu ili waone. Usipoinua, wanajua kuna noma. Ukiambiwa boti ina nahodha peke yake "lakini ni mzoefu, usijali", jali.

Tena kamba yenyewe kwa kawaida huwa na urefu wa takriban mita 23. Boti ikikata kona, aliye mwishoni mwa kamba anarushwa nje ya njia ya boti, upande mmoja au mwingine. Nahodha anaweza kuwa amempita muogeleaji kwa usalama kabisa, halafu kamba na mtu aliyeishika vikamfagia. Hicho ndicho nilichokiona siku ile. Kwa hivyo mchezo huu unahitaji uwanja mpana, mbali na waogeleaji, mbali na gati, na mbali na boti zilizotia nanga.

Jeti-ski nayo ina siri ambayo wanaokodi hawaambiwi. Haina breki kama za gari. Tena nyingi zake hugeuzwa na nguvu ya maji yanayorushwa nyuma na injini. Ukiachilia mafuta, maji hayarushwi, na usukani unabaki kama wa gari la mtoto. Sasa fikiria mtu ambaye hajawahi kuiendesha. Anaona kichwa cha mtu mbele yake, anaingiwa na hofu, anaachilia mafuta na kukata usukani kwa nguvu. Mwili wake umefanya kile ambacho kingemwokoa kwenye baiskeli. Jeti-ski inaenda moja kwa moja. Huyu si mhuni wala mlevi. Ni mtu aliyelipa pesa zake na hakupewa dakika tano za maelezo.

Najua utasema, "Hii kazi ni ya serikali." Kweli, sehemu yake ni ya serikali. Mamlaka ya Ubaharia nchini, KMA, ndiyo inayokagua na kusajili vyombo vidogo. Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilianzishwa mwaka wa 2018 na kina jukumu hata katika Ziwa Victoria. Kwenye hifadhi za baharini kama ile ya Mombasa, shirika la KWS nalo lina sauti. Mashirika hayakosi. Kinachokosekana ufuoni ni kitu cha bei ya chini: mstari wa maboya ya rangi unaotenganisha waogeleaji na injini, na mtu mwenye firimbi anayelipwa kusimama hapo Jumamosi na Jumapili. Serikali za kaunti zinazokusanya ada kutoka kwa biashara za ufuoni zinaweza kufanya hivyo bila kungoja mradi wa wafadhili.

Lakini usidanganyike kwamba sheria pekee itakuokoa. Novemba 24, 2018, boti ya MV Templar ilizama Ziwa Victoria, upande wa Mukono, Uganda. Haikuwa ya mizigo wala ya wavuvi. Ilikuwa ya pati. Vijana kama mimi na wewe walikuwa wameingia na muziki na vinywaji jioni ya Jumamosi. Boti ilikuwa imejaza watu kupita kiasi na haikuwa na leseni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Uganda ina sheria na ina polisi wa majini. Siku ile kila aliyepanda aliona boti imejaa, na kila mmoja pengine aliona aibu kuwa wa kwanza kusema, "Mimi nashuka."

Aibu hiyo ndiyo nataka tuizungumzie. Wazazi wetu wanaikumbuka Mtongwe, Aprili 29, 1994, ambapo feri iliyobeba watu kuliko uwezo wake ilipinduka na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda tu kutafuta riziki na hawakuwa na njia nyingine ya kuvuka. Sisi tunaoenda majini kwa raha tuna njia nyingine. Tunaweza kukataa. Hatupotezi kazi, hatulali njaa. Tunapoteza picha tu.

Kisha kuna hili ambalo watu wa mjini hulisahau kabisa: maji unayochezea ni ofisi ya mtu. Kule Dunga, Kisumu, wewe ukifika asubuhi na miwani ya jua, kuna mvuvi wa omena ambaye ndio kwanza anarudi baada ya kukesha ziwani na taa. Nyavu za wengine bado ziko majini. Boti yako ikipita juu ya wavu, rafadha inaukata, nawe unaenda zako. Yeye amepoteza mtaji. Ukipita kasi karibu na mtumbwi wake, mawimbi unayoacha nyuma yanaingiza maji ndani, wewe ukiwa ushafika mbali na hata hujageuka.

Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana majini, ambazo zilikubaliwa mwaka wa 1972, haziko upande wa mwenye injini kubwa. Chombo cha injini hukipisha chombo cha tanga. Chombo cha injini hukipisha chombo kinachovua kwa nyavu. Mkikutana uso kwa uso na injini zenu, kila mmoja anapinda kulia. Kwa lugha ya mtaa: ngalawa ya mzee ina haki kuliko spidiboti yako. Mwenye uwezo wa kusimama na kugeuka haraka ndiye anayesubiri. Ingekuwa vizuri kama hata barabara ya Thika tungeishi hivyo.

Wapo watakaosema kwamba ukikaza sheria unawanyima vijana wa ufuoni kazi. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu wengi wao hawana mshahara wala bima, wanategemea wateja wa wikendi. Lakini tazama jinsi mambo yanavyoenda. Mtu akiumia, agizo linatoka na kila mtu anafungiwa, aliye makini na asiye makini. Mzembe mmoja anafunga meza za watu ishirini. Jaketi za kuokoa maisha, mstari wa maboya na mafunzo ya nahodha havifungi biashara. Vinailinda.

Na tusisahau, tumeshafanya jambo kama hili tukaweza. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, watu walilalamika mikanda ya matatu inachafua nguo, na wenye magari wakagoma. Lakini abiria wengi walikuja kuona raha ya kukaa kila mtu kwenye kiti chake. Tatizo limerudi pale ambapo abiria wenyewe walikubali kubebwa tena kama magunia. Funzo ni kwamba sheria husimama kama abiria amesimama nayo.

Kwa hivyo, safari ijayo ukiwa ufuoni, kabla pesa hazijatoka kwa M-Pesa, uliza maswali manne. Hayachukui hata dakika mbili.

Kwanza, jaketi yangu iko wapi, na inanitosha? Ivae, funga vifungo vyote, inua mikono, mwambie rafiki aivute juu mabegani. Ikipanda hadi kidevuni, hiyo si yako. Hata kama unajua kuogelea, vaa. Ukiangukia maji kwa kasi unaweza kupoteza fahamu, na aliyezirai haogelei.

Pili, nahodha ana leseni, na je, amekunywa? Swali la pili ulize kwa pua kama huwezi kwa mdomo. Na wewe pia, bia ni ya baada ya maji.

Tatu, nani anaangalia nyuma? Kama ni jeti-ski, uliza kamba ya kuzimia injini iko wapi, ile inayofungwa mkononi au kwenye jaketi ili ukianguka injini ijizime. Kama imepotea au imefungwa kwenye usukani ili isisumbue, ondoka.

Nne, tunaenda upande gani, na maji yako vipi? Maji yakipwa, miamba iliyokuwa chini sana inakuwa karibu na mbao zako. Naivasha uliza viboko wako wapi leo. Kisumu uliza gugumaji limesukumwa wapi na upepo. Na jua likizama, mchezo umeisha, hata kama ulilipia saa nzima.

Ukijibiwa kwa dharau, nenda kwa anayefuata. Kuna vijana wengi ufuoni wanaofanya kazi hii kwa heshima, wanaokupa jaketi kabla hujaitisha na wanaokataa kukusukuma karibu na waogeleaji hata ukiwaongezea mia tano. Hao ndio wanaostahili pesa yako na video yako. Ukiwapeleka mbogi yako kila unapokwenda, jirani yao mzembe atalazimika kununua jaketi, bila polisi kuitwa.

Yule mzee mvuvi alimaliza kushona wavu wake, akaukunja na kuubeba begani. Kesho yake alikuwa arudi kwenye maji yale yale, kazini. Wewe ukirudi huko Jumamosi kwa raha zako, mpishe.