Mgeni Mnampa Jembe Mlangoni

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitukane mkishamaliza kusoma. Ukiwaalika watu watano usiowajua waje kucheza Dungeons & Dragons, na kitu cha kwanza mnachofanya pamoja ni kurusha dadu, wewe huanzishi kikundi. Unacheza bahati nasibu, na mara nyingi si wewe unayelipa ukipoteza.

Tangazo huwa ni lile lile. "Natafuta wachezaji watano, Jumamosi saa nane, tauni, njoo na mhusika wako." Wasee wanajibu, grupu ya WhatsApp inafunguliwa, kila mtu anaulizwa kama atakuwa mchawi, mwizi au shujaa wa upanga. Hakuna anayemuuliza mwenzake anaitwa nani. Jumamosi ikifika mko mezani, na kufikia kikao cha tatu mmebaki wawili. Grupu sasa ni ya kutakiana Jumapili njema. Halafu mnalia ati Nairobi haina watu siriasi wa hii michezo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mnampa jembe akiwa bado mlangoni, hata maji hajakunywa, halafu mnashangaa akitoroka.

Kwa wale hawajawahi kucheza: mchezo huu upo tangu 1974, na unavyoendeshwa ni rahisi. Mtu mmoja ni msimulizi. Anaeleza dunia ya hadithi na hatari zake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema anachofanya, na dadu, hasa ile ya pande 20, inaamua kama amefaulu. Hakuna goli wala mshindi. Kitu mnachochezea ni kile kilicho ndani ya vichwa vya watu waliokaa hapo. Sasa niambie, utaanzaje bila kujua vichwa hivyo vimebeba nini?

Najua kwa sababu nimeharibu mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2025 niliita watu watano, na msimulizi nilikuwa mimi. Kikao cha pili nilitaka kuwashtua. Wahusika wamelala kwenye nyumba ya wageni, usiku wa manane mlango unavunjwa, watu waliofunika nyuso wanaingia, wanambeba mmoja wao, wanamtupa kwenye mkokoteni usio na alama yoyote na kupotea gizani. Manze, niliona nimeweza. Hata sauti nilikuwa nimefanyia mazoezi.

Dada mmoja aliyekaa upande wangu wa kushoto akaweka penseli chini. Hakulia, hakugombana na mtu. Akasema anaenda msalani, akachukua mkoba wake, na hakurudi. Usiku akanitumia ujumbe. Binamu yake alichukuliwa hivyo hivyo baada ya maandamano ya Juni 2024, na kwao walikaa siku kadhaa bila kujua kama yuko hai. Mwisho akaandika, "Si makosa yako, hukujua."

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Kweli sikujua, lakini sikujua kwa sababu sikuuliza. Nilijua mhusika wake ana miaka 130 na anapiga mshale vizuri. Kumhusu yeye, sikujua hata anashukia stegi gani.

Kikao kilichofuata nilipowaeleza wengine kwamba hatarudi, jamaa mmoja akasema, "Si ni mchezo tu? Angezoea." Huyo naye sikuwa namjua. Ningemjua mapema, asingekuwa mezani kwangu.

Najua mtakachosema, wacha nijibu moja moja.

"Tutajuana tukicheza." Kwenye mpira, sawa. Ukimpigia mtu pasi mara tatu unajua yeye ni nani. Lakini kwenye mchezo wa kuigiza, mtu amevaa uso usio wake. Akikutukana, ni mhusika. Akikuibia, ni mhusika. Akimsumbua msichana wa pekee mezani kwa maneno machafu kikao kizima, ati pia ni mhusika, mbona unakasirika? Kama hamkuwahi kuongea bila hizo nyuso, utajuaje mhusika anaishia wapi na mtu anaanzia wapi?

"Mtu mzima ajisemee." Haya basi, jiweke kwenye nafasi yake. Watu wanne hawakujui, wanacheka, wako katikati ya kitu wanachokipenda, na wewe ndiye mgeni. Utasimamisha mchezo? Wengi wetu tutanyamaza, turudi nyumbani, tuzime simu. Kuna msee anaitwa John Stavropoulos aliyebuni njia nzuri: kadi yenye alama ya X inawekwa mezani, na yeyote akiigusa, tukio hilo linarukwa bila yeye kujieleza. Naipenda hiyo kadi. Lakini kadi haina mikono. Mtu anaigusa akiwa anawaamini walio mezani, na hiyo imani inatoka mahali.

"Hatuna muda." Kikao kimoja kinakula saa tatu au nne, na hadithi ikishika inaendelea kwa miezi. Una miezi yote hiyo, lakini saa mbili za chai huna?

"Tuko wachache, tusiwatishe watu na maswali." Kama tuko wachache, ndiyo sababu zaidi ya kuwatunza wale wanaokuja. Kila anayetoroka huwaambia rafiki zake kwa nini alitoroka.

Na wale mnaojifanya mko makini kwa kutuma fomu ndefu, hata nyinyi siwaachi. "Umecheza miaka mingapi? Unajua sheria za toleo gani? Una vitabu?" Kwani mnaajiri karani? Sheria mtu anafundishwa kwa jioni moja. Huwezi kumfundisha kwa jioni moja kumsikiliza mwenzake. Fomu yako itampitisha yule jamaa wa "angezoea" na kumfungia nje mgeni mwenye roho safi.

Kinachonishangaza ni kwamba wengi wenu mliingia huku kwa kutazama Critical Role. Mnaiga sauti zao, mnaiga ramani zao. Mlisahau kwamba kabla ya kamera kuwashwa mwaka wa 2015, wale walikuwa marafiki waliokuwa wakicheza nyumbani, bila watazamaji. Kile mnachokipenda kwenye kioo ni urafiki, na urafiki hauuzwi pamoja na dadu.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Kutaneni kwanza mahali pa wazi, kibandani, penye chai na chapati, bila dadu. Ulizaneni maswali ya watu. Unaishi wapi na gari la mwisho la kwenu ni saa ngapi? Ukikasirika huwa unanyamaza au unalipuka? Unataka hadithi ya kucheka au ya kutisha? Ni kitu gani hutaki kiguswe? Kwa hilo swali la mwisho, hakuna kuuliza "kwa nini". Anayeona aibu amtumie msimulizi ujumbe kando. Kisha chezeni hadithi fupi ya jioni moja inayoishia hapo hapo, ili asiyependezwa aondoke bila kuonekana msaliti. Hata vitabu vya Dungeons & Dragons vyenyewe vinasema mfanye kikao cha mazungumzo kabla ya mchezo, na kile cha 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kina sehemu nzima juu ya hilo. Kwa hivyo msiniambie ati ni mambo ya kizazi laini nimejitungia.

Na msimulizi, wewe ndiye wa kwanza kujibu hayo maswali, kwa sauti, mbele ya wote. Ukianza wewe, wengine watafuata.

Yule dada nilimwomba msamaha. Alikubali, lakini hakurudi, na sikumshawishi. Kundi nililonalo sasa tulikaa kibandani mara mbili kabla ya mtu yeyote kushika dadu. Mara ya pili mmoja wetu alisema hataki hadithi yenye mtoto anayeugua, akanywa chai yake, tukaendelea na stori zingine. Hakuna aliyemuuliza chochote. Miezi minane baadaye, bado anakuja kila Jumamosi.