Cheti si Aibu

Wenzangu hunicheka nisemapo kwamba mwakani sitangojea Chuo Kikuu, bali nitasomea cheti cha mwaka mmoja cha kuandika programu za kompyuta. Wasema cheti ni cha walioshindwa. Mimi sikubali. Huko Marekani vyuo vya jamii vimekuwapo tangu mwaka 1901, kilipofunguliwa kile cha Joliet. Kaka yangu husoma katika kimojawapo usiku, baada ya kazi. Aniandikia kuwa kompyuta haiulizi digrii: ukisahau alama moja tu ya mabano, programu haiendi, hata uwe mwana wa chifu. Baba ana karo ya mwaka mmoja tu, na wadogo zangu wanne wangojea zamu. Nanyi mliotutangulia shuleni, mwasemaje?