Herufi Moja na Tarakimu Tatu

Wanaoisoma fomu ya madai ya bima kabla ya kutia saini ni wachache mno, wala sishangai. Fomu hiyo haikuandikwa isomwe na mgonjwa. Penye nafasi ya ugonjwa huwekwa herufi moja na tarakimu tatu, na herufi hiyo ina uwezo wa kuamua nani atalipa.

Tuchukue uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera. Katika toleo la kumi la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, mtu asiye na dalili aliyekuja kuchunguzwa saratani ya utumbo huandikwa Z12.1. Akikutwa na kinyama, yaani polipu, huandikwa K63.5, maabara ikithibitisha kuwa ni uvimbe usio saratani, D12.6. Mtu ni yule yule, kitanda ni kile kile, daktari hakubadilisha hata glavu. Kinyama kikionekana, aghalabu hukatwa papo hapo, na hiyo ndiyo fadhila kuu ya kipimo hiki, maana kwa kawaida kinyama huchukua miaka kama kumi au zaidi kugeuka saratani, na vingi havigeuki kabisa. Lakini kwenye karatasi, aliyeingia mzima ametoka mgonjwa. (Asili ya ainisho hili ni orodha ya Jacques Bertillon, iliyowasilishwa Chicago mwaka 1893 kwa ajili ya kuainisha sababu za vifo. Orodha iliyoanza kwa kuhesabu wafu leo inawatoza walio hai.)

Marekani wameshapita njia hii. Sheria yao ya 2010 ilikusudia uchunguzi wa kinga usimgharimu mgonjwa. Hata hivyo wazee wenye bima ya Medicare walilazwa kitandani wakiamini kipimo ni bure, wakaamka kinyama kimekatwa na wao wanadaiwa sehemu ya gharama, kwa kuwa kinga imeshageuka tiba. Bunge lao lilirekebisha sheria Desemba 2020, tena kwa hatua: mchango wa mgonjwa unapungua kidogo kidogo hadi ufutike mwaka 2030. Miaka ishirini kwa jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza.

Sisi Unguja bado tuna nafasi ya kuiandika sentensi hiyo. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeundwa kwa sheria ya 2023 na umeanza na watumishi wa umma. Jamii iliyolelewa na kauli ya matibabu bure tangu Mapinduzi ya 1964 sasa inajifunza lugha ya madai, uhakiki na vitita. Siutuhumu Mfuko kumtoza yeyote; nataka kanuni itangulie ankara. Bara, Machi 2024, hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa mzozo wa kitita kipya. Wakubwa walibishana bei. Aliyerudishwa mlangoni ni mwenye kadi.

Nitaambiwa kwamba misimbo huzuia udanganyifu. Naam, na udanganyifu upo, tena unakula fedha za wote. Lakini kumhakiki mtoa huduma ni jambo moja, na kumsukumia mgonjwa gharama kwa sababu daktari kafanya kazi yake vyema ni jambo jingine kabisa. Twawaambia watu mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mji huu ambao aibu ya kipimo cha namna hii peke yake yatosha kumzuia mtu mzima nyumbani, asiyeficha naye aumbuliwe na mhasibu?

Kanuni iseme hivi: sababu iliyomleta mtu ndiyo inayoamua malipo, hata kikionekana nini. Ikatajwe waziwazi gharama ya maabara. Na atajwe pia yule anayerudi baada ya miaka kadhaa kuangaliwa tena, kwani huyo ndiye anayesahaulika zaidi: hahesabiwi tena mzima anayejikinga, wala si mgonjwa anayeumwa, na kila upande utamwona ni mzigo wa upande wa pili. Orodha hiyo iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa dirisha la mapokezi, pale Mnazi Mmoja na Lumumba, si kufungiwa kabatini.

Watumishi wa umma, ninyi ndio wanachama wa kwanza wa Mfuko huu. Kalamu itakapowekwa mbele yenu, ulizeni kwanza: hapa mmeniandika nani?