Taya Lililovunjwa Mbele ya Waamuzi

Wako wanaodhani kwamba ubaguzi wa rangi hukaa katika ngumi ya mtu mmoja mwenye chuki. Yaliyompata Johnny Bright yanaonyesha kwamba ngumi isiyo na ofisi ya kuilinda haifiki mbali.

Bright alikuwa kijana Mweusi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Drake, jimbo la Iowa, na mchezaji hodari wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono. Tarehe 20 Oktoba, 1951, timu yake ilicheza Stillwater, Oklahoma, na chuo cha huko, Oklahoma A&M. Uvumi ulikuwa umekwisha kuenea kwamba Bright hatamaliza mchezo. Ndivyo ilivyokuwa. Katika dakika saba za mwanzo mlinzi mmoja Mzungu alimwangusha mara tatu, na pigo la mwisho likamvunja taya. Hata hivyo Bright alirusha mpira uliozaa bao kabla ya kutoka uwanjani.

Waamuzi hawakutoa adhabu hata moja. Lakini wapiga picha wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, walikuwa wamenasa tukio hilo, na picha zao zilimwonyesha Bright akipigwa hali hana mpira mkononi. Zilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1952.

Pamoja na ushahidi huo, chuo mwenyeji hakikumwadhibu mtu, wala shirikisho la vyuo lililosimamia mchezo huo halikuchukua hatua. Drake ikajitoa, Chuo cha Bradley kikaifuata. Kanuni zilirekebishwa na kofia za wachezaji zikawekewa kinga ya uso. Yaani taya lilipata ulinzi. Mwenye taya hakupata haki.

Philadelphia ilimtaka Bright katika ligi ya kulipwa. Alikataa, kwa kuhofia namna ambavyo wachezaji kutoka majimbo ya Kusini wangemtendea, akahamia Kanada. Huko alivuma uwanjani, akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu mjini Edmonton. Alifariki Desemba 1983.

Chuo kile cha Oklahoma kiliomba radhi kwa barua mwaka 2005, nayo ikapelekwa kwa mkuu wa Drake. Barua hiyo ingeweza kuandikwa Jumatatu, tarehe 22 Oktoba, 1951. Picha zilikuwa zimekwisha kuchapishwa.