Soma Kabla ya Kufuta

Umeme ulikatika Moshi. Uliporudi, mashine pepe ya Linux inayotunza kilo za kahawa za chama kimoja cha msingi huko mlimani ikagoma kuwaka. Mafundi wenzangu wakasema: futa, weka upya. Huo ni uvivu, si ufundi. Nani angemrudishia mkulima kilo zake?

Nikasoma maandishi kwenye skrini. Mashine ilikuwa inangoja diski tuliyoiondoa wenyewe wiki iliyopita. Jina lake lilibaki ndani ya /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka. Nikaweka alama ya reli mwanzoni mwa mstari ule, nikawasha upya. Ikawaka.

Umeme ulifichua tu kosa letu. Fundi mwenzangu, anayefuta kabla ya kusoma anazika mgonjwa ambaye bado anaongea.