Maarifa ya Nyumbani: Tafuta Kwanza Njia ya Maji



Mvua za Bunia zinyeshapo, mara tone huanguka kitandani. Baba hupanda juu ya paa, akalipaka lami bati lililo juu ya kitanda, akashuka ameridhika. Mvua ya pili, tone ni lile lile. Kwa nini? Maji huingia penye msumari uliolegea, hutambaa juu ya boriti, kisha huanguka mbali na tundu lenyewe.

Jambo hili liliwapata hata mafundi wakubwa wa Ujapani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la nchi na mawimbi makuu ya bahari viliharibu mitambo ya umeme wa atomu ya Fukushima. Tarehe 2 Aprili mafundi wakaona maji yenye sumu ya atomu yakimiminika baharini kutoka katika shimo la nyaya, kwa ufa wa sentimita 20 hivi. Wakamimina zege, maji yasikome. Kesho yake wakatia unga wa mbao, magazeti yaliyochanwachanwa, na unga wa kiwandani ufyonzao maji na kuvimba. Maji yakazidi kutoka.

Tusiwacheke. Vitu vya kawaida huweza kuziba: madereva wetu huziba tundu dogo la tangi la esansi kwa sabuni, kwa kuwa esansi haiyeyushi sabuni. Taabu ya Fukushima ilikuwa mahali. Tarehe 4 mafundi walitia rangi nyeupe katika maji, nayo haikutokea penye ufa. Ndipo walipotambua kwamba maji yalipita chini, katika tabaka la kokoto. Wakatoboa ardhi kando ya shimo, wakaingiza dawa iitwayo kioo cha maji, ambayo hugandamana kati ya kokoto. Asubuhi ya tarehe 6 maji yakakoma.

Basi, nanyi fanyeni vivyo hivyo. Siku ya jua, mmoja amwage maji juu ya paa kidogo kidogo, akianzia chini na kupanda juu; mwingine akae ndani akitazama. Tone litokeapo, mmeijua njia. Kisha zibeni, na mkipata fedha badilisheni bati, maana kiraka hutupa muda tu.

Lakini, enyi wazazi, waonyeni watoto: kuna uvujaji usiotakiwa kuguswa. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakusanyika, wengine wakiyateka mafuta yaliyomwagika; moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 200. Maji yavujapo, tafuta njia yake. Mafuta yamwagikapo barabarani, usichukue ndoo wala kiraka: kimbia, ukawaite na jirani zako wakimbie.